Kati ya Fimbo Mbili

Fimbo zenyewe ni nyepesi, nene kiasi cha kidole, nazo zimefungwa kwenye mhimili unaoshikilia bawa la Cessna, zikielekea nyuma sambamba na ubavu wa ndege. Hazina waya wala betri wala lenzi. Asiyejua atadhani ni mabaki ya antena iliyong'olewa. Lakini idadi nyingi tulizozoea kuzisikia kuhusu ng'ombe, punda milia na twiga wa nyanda za malisho za Kenya, Kaunti ya Tana River ikiwamo, zilipita kwanza kati ya fimbo mbili za namna hii.

Magazeti hupenda habari za macho ya ndege za kivita, na si ajabu. F-35 ya Marekani imepachikwa kamera sita za mionzi ya joto pande zake zote, na picha zake huunganishwa ndani ya kofia ya rubani. Akiinama huona ardhi iliyo chini ya miguu yake kana kwamba sakafu haipo. Rada yake haina sahani ya kuzungushwa. Ni uso mmoja uliotulia, umejaa vitoa-mawimbi vidogo zaidi ya elfu moja. Ukiondoa fahari hiyo yote, yanabaki maswali matatu: niko wapi, niko juu kiasi gani, na kile ninachokiona kiko wapi hasa. Ndege ndogo inayohesabu mifugo na wanyamapori juu ya Chara na Garsen, katika delta ya Mto Tana, hukabiliwa na maswali hayohayo. Inayajibu kwa fimbo, vipande vya utepe wa gundi, na shingo ya mtu aliyekubali kutoisogeza kwa saa tatu.

Ufundi huu una ukoo wake. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Mjerumani Bernhard Grzimek na mwanawe Michael waliruka juu ya Serengeti kwa ndege ya Dornier waliyoipaka milia ya punda milia, wakijaribu kuwahesabu wanyama wote mmoja mmoja. Januari 1959 ndege hiyo iligongana na tumbusi, ikaanguka, na Michael akafa. Kuhesabu kila mnyama katika nchi kubwa namna hiyo hakuwezekani kwa uhakika, na mwaka 1969 mtakwimu G. M. Jolly alichapisha katika jarida la kilimo na misitu la Afrika Mashariki njia ya kuhesabu sehemu ndogo kwa uangalifu, kisha kuikisia nzima na kusema waziwazi makisio hayo yanaweza kupotoka kwa kiasi gani. Mwaka 1975 Michael Norton-Griffiths akatoa kitabu cha mwongozo kilichoeleza kazi yote, kuanzia skrubu hadi hesabu. Kenya ikaanzisha kitengo chake, KREMU, mwaka 1976 kwa msaada wa Kanada. Leo ni kurugenzi ya serikali iitwayo DRSRS, na rekodi zake za angani zinaanzia 1977.

Kwa nini hewani? Anayeijua Chara hatauliza. Hapa Mto Tana umekwisha kuchoka kwa safari ya karibu kilomita 1,000, umegawanyika katika mikondo, vinamasi na maziwa ya msimu, na ardhi inapita kwa hatua chache tu kutoka mpunga hadi matete, kutoka mikoma hadi mikoko. Hata mto wenyewe hautulii: mfereji wa Belezoni, uliochimbwa karne ya 19 ili mitumbwi ivuke kutoka Tana kwenda mto Ozi, uliishia kuuvuta mto mzima uelekee Kipini. Gari litakwama na pikipiki itazama. Anayekwenda kwa miguu, akimaliza kuhesabu ng'ombe wa ng'ambo moja, wale wa ng'ambo nyingine watakuwa wamekwisha kuvuka. Delta iliingizwa kwenye orodha ya Ramsar ya ardhioevu muhimu duniani mwaka 2012, hekta 163,600. Mwaka huohuo Waorma na Wapokomo walimwaga damu katika ugomvi wa malisho, maji na mashamba, na majina ya vijiji vya delta yakasomwa kwenye taarifa za habari kwa sababu ambayo hakuna mwenyeji aliyeitaka. Kujua ni ng'ombe wangapi huteremka deltani wakati wa kiangazi, na wanasimama wapi, si udadisi wa wasomi.

Tena kuna adabu ya jambo hili. Wafugaji wengi hawapendi mifugo yao ihesabiwe, na mtu mstaarabu hamwulizi mwenzake ana ng'ombe wangapi. Ndege haimwulizi mtu. Inapita, inaona kundi lisilo na jina la mwenyewe, inaendelea.

Kazi huanza ndege ikiwa chini, injini imezimwa. Cessna 185 hukalia gurudumu dogo la mkiani, pua ikitazama juu, na kwa mkao huo kila pembe ni ya uongo. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuunyanyua mkia na kuuegemeza juu ya pipa au kigoda hadi ndege ilale kama itakavyolala hewani. Mafundi huweka pima-maji na kusubiri povu litulie katikati. Kisha mwangalizi anapanda kiti chake cha nyuma, anafunga mkanda, anakaa. Si kukaa kwa kupigwa picha. Anakaa atakavyokaa akiwa amechoka, mgongo umelegea, kwa sababu ndivyo atakavyokuwa ikifika saa nne asubuhi. Mtu wa chini anapima umbali kutoka jicho lake hadi ardhini.

Hesabu inayofuata haimshindi mwanafunzi wa darasa la saba. Tuseme jicho liko mita 1.8 juu ya ardhi, ndege itaruka mita 120, na ukanda unaotakiwa kuonekana kila upande una upana wa mita 140. Uwiano ni uleule hapa chini na kule juu: 140 mara 1.8, gawanya kwa 120, unapata mita 2.1. Basi mistari miwili ya chokaa inachorwa ardhini sambamba na mwili wa ndege, wa ndani pale ambapo jicho limeliepuka gurudumu, wa nje mita 2.1 mbele yake. Mwangalizi anatazama nje ya dirisha. Mwenzake, ameshika bisibisi, anaisogeza fimbo ya chini kwenye mhimili wa bawa. Juu kidogo. Rudi. Nywele moja. Hapo. Fimbo imeufunika mstari wa ndani hata chokaa haionekani. Skrubu inakazwa, halafu anaulizwa tena, kwa sababu kukaza kwenyewe husogeza. Kisha fimbo ya juu na mstari wa nje, kwa mwendo uleule.

Baada ya fimbo, dirisha. Vipande vyembamba vya utepe wa gundi vinabandikwa kwenye kioo mahali ambapo, kwa jicho lile na kwa mkao ule, vinazifunika fimbo. Hapo ndipo penye akili ya kazi nzima. Fimbo moja peke yake haimaanishi kitu, kwani kichwa kikiinuka sentimita tano tu ukanda unahama. Lakini utepe ukiifunika fimbo, jicho liko mahali pake. Ukionekana mwanga kati ya utepe na fimbo, kichwa kimetoka. Mwangalizi haambiwi na mtu mwingine. Anajisahihisha mwenyewe, mara mamia katika asubuhi moja, bila kufikiri. Alama hizo ni za mtu mmoja na kiti kimoja. Mrefu hawezi kumwazima mfupi, na wa kushoto hahamii kulia.

Aliyewahi kulenga bunduki ameshaelewa: alama ya nyuma, alama ya mbele, na jicho likiwa kwenye mstari mmoja nazo. Ndege za kivita zenyewe zilikulia hapo. Jeshi la Anga la Kenya limekuwa na F-5 tangu 1978, na kambi yao ni Laikipia, Nanyuki. Katika F-5E rubani hutazama kupitia kioo kilicho mbele ya uso wake, nukta ya mwanga ikielea juu yake. Rada ya puani hupima umbali wa shabaha, na kikokotoo huisogeza nukta ili risasi ikutane na kitu kinachokimbia badala ya kupita pale kilipokuwa. Ni ujanja mzuri sana. Lakini nukta hiyo ni bure ikiwa mizinga miwili ya puani inatazama huku na kioo kinatazama kule, kwa hiyo lazima ndege inyanyuliwe kwa jeki, isawazishwe kwa pima-maji, ubao wenye alama usimamishwe mbele yake kwa umbali unaojulikana, na fundi aoanishe mzinga, kioo na rada kwa zamu hadi vyote vikubaliane. Siku ya gwaride watu hushangilia ngurumo. Mimi ningelipa kiingilio kumtazama yule mwenye jeki.

Yaliyopimwa chini hayaaminiwi mpaka yathibitishwe hewani. Kando ya uwanja wa ndege hupangwa alama kwa umbali sawa, mawe yaliyopakwa chokaa au mbao zenye namba, na rubani hukata juu yake tena na tena kwa kimo cha kazi, kisha chini kidogo, kisha juu kidogo. Kila mwangalizi husoma alama iliyokatwa na fimbo ya ndani na ile iliyokatwa na fimbo ya nje, na namba huandikwa. Wa kushoto na wa kulia hawalingani sawasawa, wala hakuna anayewalazimisha walingane. Kila mmoja hupewa upana wake, uliopimwa, na huo ndio utakaoingia kwenye hesabu. Napenda uungwana huu: badala ya kumwambia mtu awe mashine, wanampima alivyo, kisha wanamwomba tu asibadilike.

Asubuhi ya kuruka huanza mapema, kabla jua halijawaingiza wanyama vivulini. Mistari imepangwa kwenye ramani, kilomita tano kati ya mmoja na mwingine, na hupendelewa ile inayoukata mto badala ya kuufuata, ili kila mstari uonje nchi kavu, ukingo, maji, na nchi kavu tena. Zamani rubani alishikilia mstari kwa dira, saa na ramani iliyokunjwa pajani. Siku hizi ana GPS. Kilichobaki kigumu ni kimo. Altimita ya kawaida husoma mgandamizo wa hewa na kukuambia uko juu ya bahari kiasi gani, jambo lisilomsaidia anayetaka kujua umbali wake na nyasi zilizo chini yake. Kwa hiyo ndege ina altimita ya rada, ndugu mdogo wa ile rada iliyo puani mwa F-5. Hutuma wimbi chini na kusikiliza mwangwi. Mita 120 kwenda na 120 kurudi: safari ya wimbi haifiki hata sehemu moja ya milioni ya sekunde, na sindano inakuonyesha jibu kabla hujauliza.

Kuisoma ni rahisi. Kuituliza sindano hiyo ndio ufundi. Kuelekea pwani, nchi ya delta ni sawa kama sakafu, lakini hewa yake si sawa. Juu ya shamba lililochomwa majani ndege husukumwa juu, juu ya maji ya mkondo huzama, na msitu wa mivumo huinuka ghafla palipokuwa na nyasi. Rubani akiruhusu mita 120 kuwa 132, ukanda wa 140 unakuwa 154, na mwangalizi atahesabu ng'ombe wa nchi pana kuliko inayoandikwa. Hawezi kuinamisha bawa ili atazame kitu, maana bawa likishuka upande mmoja ukanda unanywea huko na kutanuka kwingine. Akiona korongo au mwari wamepanda na hewa moto mbele yake, kama ilivyo kawaida deltani, hukwepa, na kipande hicho huwekewa alama. Kwa muda uliobaki kazi yake ni kuwa mtu ambaye walioko nyuma wanaweza kumsahau.

Kiti cha mbele, kando ya rubani, hukaa mtu wa nne. Huyu hatazami wanyama. Anaita mwanzo na mwisho wa kila kipande cha kilomita tano, anaandika kimo kinavyosomeka, na anaandika nchi: nyasi mbichi au kavu, maji yapo au hayapo, shamba, boma, moto, magugu ya mathenge yamefika wapi. Watu humwona kama karani. Bila yeye, namba za nyuma zingekuwa rundo lisilo na mahali.

Sasa tuje nyuma. Ndege inakwenda karibu kilomita 200 kwa saa, yaani kama mita 55 kila sekunde, na kipande kimoja huisha kwa dakika moja na nusu. Mwangalizi hatembezi macho nchi nzima. Ameyaweka kati ya fimbo mbili, nayo nchi inapita humo kutoka mbele kwenda nyuma, naye huisoma kutoka fimbo ya ndani hadi ya nje, kisha anarudi ndani. Nyasi. Nyasi. Mkoma na kivuli chake. Chini ya kivuli, kitu cheusi chenye miguu: punda. Anasema "punda, wawili" kwenye maikrofoni iliyo karibu na mdomo, na kinasa sauti kinachukua. Haandiki, kwa sababu kuandika ni kuinama, na kuinama ni kupoteza mita 55 kwa kila sekunde na kupoteza utepe pia.

Kundi la ng'ombe linakuja. Ng'ombe wa Waorma wengi ni weupe, na yangeyange wanaowafuata ni weupe pia. Kwa kimo hiki ndege wa begani na ndama aliyelala hutofautiana kwa kivuli tu: ndama ana kivuli kizito kinachomgusa, yangeyange hana cha maana. Mwangalizi aliyezoea haanzi kwa moja, mbili, tatu. Anapasua kumi kwa jicho, kama muuza maembe anavyojua fungu kabla mkono haujamaliza kulipanga, kisha anauliza ni mafungu mangapi kama hilo yanaingia kundini. Anasema "ng'ombe, sitini, picha". Kidole kimeshabonyeza. Kanuni ni kwamba kundi likizidi kumi au zaidi kidogo hukadiriwa kwa sauti na hupigwa picha papo hapo, ili jicho likasahihishwe baadaye. Kamera imening'inia shingoni, na kuinyanyua, kupiga na kuishusha kunatakiwa kutosogeza kichwa kutoka kwenye utepe. Wanafunzi hupoteza wiki nyingi hapo. Mbuzi na kondoo huhesabiwa pamoja, kwa kuwa kutoka juu hata aliyezaliwa bomani huwachanganya.

Lakini ukitaka kumpima mtu huyu, usitazame anachohesabu. Tazama anachokiacha. Ndege inaukaribia ukingo wa matete, na hatua chache nje ya fimbo ya nje kundi la nyamera limesimama, wanang'aa, wanahesabika kirahisi kuliko chochote kilichoonekana asubuhi hiyo. Anawaona. Rubani amewaona. Mwangalizi hasemi kitu. Kundi likikatwa na fimbo, huhesabiwa waliomo na huachwa waliobaki, na yule aliyesimama juu ya mpaka ana kanuni iliyokubaliwa chini, isiyojadiliwa hewani. Hata angekuwa hirola, swala wa nchi hii ya Tana na Garissa ambaye sensa ya taifa ya 2021 ilimpata 497 tu, nje ni nje.

Sababu iko kwenye hesabu. Kanda mbili za mita 140 ni mita 280, na mistari iko mita 5,000 kati yake. Sehemu inayotazamwa ni asilimia 5.6 tu ya nchi. Kila ng'ombe aliyetajwa kwenye maikrofoni anasimama badala ya karibu 18. Mwangalizi akiongeza mmoja kwa huruma, serikali imepata 18 wasiokuwepo. Akiongeza nyamera kumi kwa sababu walipendeza, amezaa 180. Na kipande kisicho na kitu nacho ni taarifa. Kuna mistari mirefu juu ya matope ya chumvi ambako hakuna kinachosimama, na mtu wa nyuma anatakiwa kuitazama hiyo kwa umakini uleule, dakika na nusu baada ya dakika na nusu, ili aweze kusema "hakuna" kwa haki.

Vihisi vya kisasa vya kivita navyo ukivichunguza utakuta sehemu kubwa ya werevu wake ni kuacha. Rada ya F-5E ilikuwa nzuri ikitazama anga tupu. Ikielekezwa chini, mwangwi wa ardhi uliimeza shabaha. Rada zilizofuata zilijifunza kusikiliza mabadiliko ya mwangwi yanayoletwa na mwendo, zikatupa ardhi, milima na mawimbi ya bahari, na kubakiza kile kidogo kinachokwenda kwa kasi yake chenyewe. Zinapokea mengi mno na kukataa karibu yote. Tofauti ni kwamba kule kukataa kumo ndani ya saketi. Huku kumo ndani ya mtu mwenye kiu, mwenye mgongo unaouma, anayetamani kuona mnyama.

Ndege ikitua, nusu ya kazi ndiyo kwanza inaanza. Kinasa sauti huchezwa jioni ileile, mwenye sauti akiwa yupo, maana kesho atakuwa amesahau kama alisema "sita" au "sitini" injini iliponguruma. Zamani filamu zilisafishwa zikawa slaidi, zikaangazwa juu ya karatasi nyeupe, na mtu akaketi kuweka nukta ya kalamu juu ya kila mnyama, mmoja baada ya mwingine, ili asimrudie wala kumruka. Sasa nukta huwekwa kwenye skrini. Makadirio ya sauti huwekwa kando ya hesabu ya nukta: alisema 60, picha inasema 71. Tofauti hiyo haifichwi wala haimletei mtu aibu. Inakuwa kipimo chake kingine, kama urefu wa jicho lake kutoka ardhini.

Udhaifu wa jicho wataalamu wa fani waliuandika mapema. Mwaka 1972 Pennycuick na Western walichapisha utafiti wao kuhusu vyanzo vya makosa katika kuhesabu kwa mistari, na miaka miwili baadaye Caughley akaja na makala nzima kuhusu upotofu wa hesabu za angani: ukanda ukiwa mpana, kimo kikizidi au mwendo ukiwa mkali, wanyama hupotea mbele ya macho yaliyo wazi. Hawakuacha kuruka. Waliamua kukosea kwa namna ileile kila mara, ili mwaka mmoja uweze kulinganishwa na mwingine. Kwa sababu ya ukaidi huo Joseph Ogutu na wenzake waliweza kuchukua rekodi za DRSRS na kuonyesha, mwaka 2016, kwamba wanyamapori wa nyanda za malisho za Kenya walikuwa wamepungua kwa wastani wa asilimia 68 tangu 1977. Namba nzito namna hiyo isingesimama mahakamani wala bungeni kama kila rubani angeruka kimo chake na kila mwangalizi angekaa apendavyo.

Sasa kamera zinaingia. Mwaka 2017, katika majaribio ya Tsavo yaliyoongozwa na Richard Lamprey, kamera zilizoelekezwa upande zilipiga picha bila kukoma, na picha zilipochambuliwa na kulinganishwa na hesabu za waangalizi ikaonekana macho yalikuwa yamekosa zaidi ya nusu ya twiga. Tembo walikosekana kidogo tu. Wapo watakaosema fimbo zimekwisha. Huenda, na sitazililia. Lakini kamera nayo haijui ukanda wake una upana gani mpaka ipitishwe juu ya alama zinazojulikana, kwa kimo kinachojulikana, na mtu achukue picha yake na kuipima kwa mita. Kisha watu huketi mbele ya skrini wakifungua maelfu ya picha kwa zamu, nyingi zikiwa ni nyasi, maji na kivuli cha mkoma, na kila iliyo tupu huandikiwa sifuri kabla ya kufunguliwa inayofuata.